Stelingi Hafi Kibondo

Kibondo, 3 Februari 2024

Mwanangu Asmahani,

Assalam aleykum. Natumai wewe, baba watoto na wajukuu wangu mko wazima huko Kasulu, na duka la vitenge linakwenda. Sisi hapa tunamshukuru Mungu. Mke wangu Bi Swaumu anakusalimu, anasema mawese uliyoagiza yapo. Mimi ni koo tu, lile lile.

Najua unashangaa mjomba wako kukuandikia barua kama mtu wa zamani. Kwenye simu siku hizi hunisikii. Unabaki haloo, haloo, mjomba, haloo, mwisho unakata. Na kuandika kwenye simu, vidole vyangu na vile vidude havielewani. Barua hii nampa Tharsisi, kondakta wa basi la asubuhi, atakuachia dukani.

Daktari wa hapa alinimulika kooni. Kisha akasema niende Mwanza wakapime uvimbe, na kwamba huenda wakaondoa kisanduku chenyewe cha sauti. Nimemwambia nitafikiria. Mimi nimekula kwa sauti hii, Asmahani. Watu wanatoka mpaka Gwarama, wakimaliza gulio wanaingia bandani kwangu kutazama muvi, nakaa pembeni ya televisheni na maiki yangu, Mzungu akifungua mdomo anatoka Mswahili. Wakiitoa sauti, anayebaki ni nani?

Sasa tuje kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kwenye harusi ya mwanangu Shamsi ulisema mbele za watu kwamba muvi bora kuliko zote za mashujaa wenye nguvu za ajabu ni Mlinzi wa Daraja. Nilitaka kukujibu, sauti ikagoma, wakwe wakadhani nimeshindwa. Sijashindwa. Muvi bora ni Binti Vumbi. Stelingi, shujaa mwenyewe, anapigwa anageuka vumbi, upepo unamchukua, anajikusanya upande wa pili wa mji na kibao mkononi. Wapi umewahi kuona kitu kile? Jibu hoja, usilete utoto.

Mimi mjomba wako,
Saady

*

Kasulu, 10 Februari 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Waaleykum salaam. Barua nimeipata, Tharsisi kaniletea imekunjwa kama sambusa. Sisi wazima, watoto wana mafua ya baridi tu.

Nianze na la maana. Nenda Mwanza. Usifikirie, nenda. Sisi tunakutaka wewe, sauti ni nyongeza.

La pili, Binti Vumbi ni muvi ya wavivu. Mtu akipigwa anapeperuka, hapo ushujaa uko wapi? Mlinzi wa Daraja alikuwa na nini? Mabega tu. Lile jitu la mtoni likakata nguzo, yeye akaingia majini, akalibeba daraja zima mabegani mpaka wakapita wote, wazee na mbuzi wao, na yule bibi aliyerudi kuchukua kuku. Na alipozama, yule mwanamke wa ng'ambo ya mto akawageukia watu. Maneno yake nayakumbuka kama nilivyoyasikia kwako: "Msimlilie. Amechoka huyu. Amekwenda kupumzika kidogo tu, atarudi." Banda zima likapiga makofi, na wewe ukasema kwenye maiki, "Stelingi hafi Kibondo."

Mjomba, ilikuwa wiki ile tumemzika mama. Nilikuwa benchi la mbele na gauni langu la shule kwa sababu sikuwa na jingine safi. Kila Jumamosi baada ya pale nilikuja kukuuliza sehemu ya pili, ukawa unasema imekwama bandarini Dar es Salaam. Nimekua nikiisubiri. Muvi inayomfanya mtoto wa darasa la tatu alale usingizi wiki ile, utaniambia nini juu yake?

Nenda Mwanza.

Mpwa wako,
Asmahani

*

Kibondo, 6 Machi 2024

Mwanangu Asmahani,

Assalam aleykum, na poleni na mafua. Wape tangawizi. Hapa mvua inanyesha, muhogo wa Bi Swaumu unaoza kabla ya kukauka, kwa hiyo kila siku nasikia habari za muhogo.

Mwanza nitakwenda Ramadhani ikiisha. Usinisukume. Shamsi sasa anaweka bandani zile muvi zilizokwisha kutafsiriwa Dar. Nimezisikiliza. Yule mtafsiri wao anaropoka, stelingi analia kwa mama yake yeye anatangaza mechi. Wateja wanacheka, basi. Nilikaa nyuma kabisa nikaondoka katikati, ikaniuma kuliko koo.

Kuhusu Mlinzi wa Daraja, nakuheshimu, lakini ile ni muvi ya mabega na maji. Binti Vumbi nitaitetea mpaka kesho. Muvi ile niliitafsiri neno kwa neno, sikuongeza chumvi.

Ramadhani njema. Usiwafungishe watoto kwa nguvu.

Mjomba wako,
Saady

*

Kasulu, 21 Aprili 2024

Mjomba,

Salamu. Idd ilikuwa njema, watoto wazima. Nimesikia kwa Bi Swaumu kwamba Mwanza bado hujaenda.

Nina jirani dukani anaitwa Gentille, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, anauza mitumba. Nilimsimulia lile bishano letu akacheka sana, akasema kaka yake anayo Mlinzi wa Daraja, kwa Kifaransa. Akaileta. Tulifunga duka mchana tukaitazama chumba cha nyuma, yeye akinitafsiria.

Tulipofika darajani nikamwambia, sikiliza vizuri hapa, sasa yule mwanamke atasema atarudi. Gentille akaniangalia. Akasema, "Hapana, mama. Ule mwanamke anasema, amekufa. Hatarudi. Muende kwenu, muwambie batoto benu jina yake." Nikamwambia arudishe nyuma. Akarudisha. Nikamwambia tena. Mara ya tatu akakataa, akanishika mkono. Kisha majina yakapita, na kaburi likaonyeshwa, lile ambalo wewe ulikuwa unazima televisheni kabla halijafika, ukisema jenereta linataka kupumua.

Hakuna sehemu ya pili. Haikuwahi kuwepo.

Unajua mimi nilifanya nini kwa maneno yako? Nilikuuliza pale pale bandani, "Na mama je?" Ukasema, "Naye amepumzika." Basi nikamsubiri. Viatu vyake vya plastiki niliviweka mlangoni, kila Ijumaa navifuta, mpaka Bi Swaumu alipovigawa nikamchukia mwaka mzima. Wenzangu walilia wakamaliza. Mimi sikulia, nilikuwa nasubiri. Nimekuja kulia hapa, ukubwani, kati ya marobota ya mitumba, mbele ya mtu baki.

Nimekasirika, mjomba. Nimekaa siku kadhaa nikidhani itapungua, haijapungua.

Asmahani

*

Kibondo, 29 Juni 2024

Mwanangu Asmahani,

Assalam aleykum. Barua yako nilikuwa naitembeza mfukoni mwa kanzu tangu ilipofika. Nilianza kukujibu mara nyingi, nikachana.

Ulikuwa na haki ya kukasirika. Lakini sikia siku ile ilivyokuwa. Banda limejaa, nimeshika maiki, nimeshaanza kusema, "Ame..." nikakuona pale mbele na lile gauni la shule. Hukupepesa macho. Ulikuwa unanitazama mimi, hukuitazama televisheni. Mama yako Tunu alikuwa dada yangu, tumbo moja, na mimi nilikuwa sijalia. Neno "amekufa" lilikuwa mdomoni na halikutoka. Likatoka jingine. Baada ya pale nikawa sina njia ya kurudi, kila Jumamosi ukija na swali lako na mimi na bandari yangu.

Ndiyo maana naipenda Binti Vumbi. Mle stelingi hafi kweli, wenyewe wazungu wamesema hivyo. Naitafsiri huku moyo umetulia.

Mwanza nimekwenda. Nimerudi juzi. Usiwe na wasiwasi, wameangalia, wameshauri nikae nyumbani. Nimechoka tu. Napumzika kidogo, nitarudi bandani watu wa gulio wakianza kuvuna maharage. Usifunge duka kwa ajili yangu.

Mjomba wako,
Saady

*

Kasulu, 3 Julai 2024

Mjomba wangu,

Waaleykum salaam. Barua yako imefika leo, nimeisomea kaunta, mteja amesimama na kitenge mkononi nikamwambia arudi kesho.

Hasira imekwisha. Sijui imekwenda wapi, niliposoma kuhusu lile gauni tu sikuiona tena. Ningekuwa mimi na maiki ile, na mtoto yule, sijui ningesema nini.

Lakini mjomba, "napumzika kidogo, nitarudi" nayajua maneno haya. Umeyatunga wewe. Nimeyaishi tangu nikiwa mtoto na sasa nayajua maana yake, kwa hiyo usinipe tena. Mimi siko tena benchi la mbele. Nina watoto, nina duka, nimezika. Niambie madaktari wa Mwanza wamesema nini, kwa maneno yao. Usinitafsirie.

Safari hii nataka kulia kwa wakati wake.

Tharsisi nimemwambia asubiri jibu mkononi mwako.

Mwanao,
Asmahani

*

Kibondo, 5 Julai 2024

Mwanangu Asmahani,

Assalam aleykum. Tharsisi amekaa hapa mlangoni, Bi Swaumu amempa uji. Naandika polepole, nisamehe.

Haya, kama ilivyo. Mwanza walinifungua, wakanifunga. Hawakuondoa kitu. Uvimbe umeshashuka kifuani. Sauti wameniachia, ile niliyokuwa naiogopea, na sasa haina kazi. Labda utasema ungenisukuma zaidi, lakini ulinisukuma, mimi ndiye niliyekaa. Usije ukajilaumu baadaye. Daktari alikuwa kijana, alikuwa anazungukazunguka maneno kama mimi, nikamwandikia kwenye karatasi, sema. Akasema.

Stelingi anakufa, mwanangu. Sitarudi bandani kutafsiri. Maharage hayatanikuta.

Nimeandika, na mbingu haijaanguka. Bi Swaumu bado anasonga ugali. Ningejua ni hivi ningekwambia siku ile ya Tunu, tukalia wote wawili mbele ya wateja, wakadai viingilio vyao.

Bishano umeshinda. Mlinzi wa Daraja ndiyo muvi kubwa kuliko zote. Niliijua tangu siku ya kwanza, ndiyo maana ilinishinda kuitafsiri.

Njoo na basi la asubuhi. Ukae karibu nami, maana nanong'ona. Na ile muvi ya Gentille uje nayo. Shamsi atafungua banda mchana, tutakuwa sisi tu. Maiki utashika wewe. Ukifika pale darajani usiniangalie, tazama televisheni, useme kama alivyosema yule mwanamke.

Benchi la mbele nitakaa mimi.

Mjomba wako,
Saady