Chuma Nilichokigusa Nilipokuosha

Shangazi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, na leo nashukuru, maana ungeitikia ungenikatisha, nami nina maneno nataka niyamalize.

Niko kwangu Dunda, mguu wa kulia nimeuweka juu ya kigoda. Bado unaniuma nikikaa kwenye mbuzi kukuna nazi. Ile skrubu ya chini, karibu na kifundo, inasugua ngozi kwa ndani. Daktari anangoja jibu langu, vyuma vitoke au vibaki. Ukoo nao unangoja jibu hilohilo. Aliyenifikisha hapa ni wewe, kwa hiyo tulia unisikilize.

Habari za huku ni hizi. Arobaini yako ilikwenda vizuri, hitma ilisomwa, pilau ikatosha mpaka waliokuja kuchungulia. Wagonjwa bado wanafika pale Lugoba. Juzi alikuja mama kutoka Ubena, mkono ameufunga kwa kanga. Alipoambiwa umefariki alikaa kizingitini akalia, sijui alilia mkono au alikulilia wewe. Mimi niliyefundwa kuunga mifupa tangu utotoni nilimwitia bodaboda, nikamwambia aende zahanati. Sikumgusa. Ulinikataza kugusa.

Baada ya hitma Baba Mdogo Seif alituita ndani. Alileta mkoba wako, na mabanzi ya mianzi, na zile kamba za gome, akaviweka mkekani mbele yangu. Akasema, "Kazi hii ni ya Zaituni, hilo halina ubishi. Ila sharti la marehemu mnalijua." Wote wakageuka kuutazama mguu wangu.

Sharti lako, Shangazi. Mwenye chuma mwilini haungi mfupa wa mtu. Nikivitoa, mkoba ni wangu.

Ulilitamka siku niliporudi kutoka hospitali na magongo. Bodaboda ilikuwa imeniangusha barabarani, watu wakanibeba sijitambui, na nilipozinduka bamba la chuma lilikuwa tayari ndani ya muundi. Nilikuja kwako nikitaka unipe pole. Hukunipa. Ulinitazama toka mlangoni ukasema, "Umeikaribisha hospitali ndani ya mfupa wako, sasa uunge mifupa ya nani?" Tangu siku hiyo kazi yangu ikawa kuwalisha kuku. Wale kuku uliokuwa ukiwavunja mguu siku unapomfunga mgonjwa, ukawafunga na wao, ili kuku akianza kutembea ujue mgonjwa naye yuko tayari kufunguliwa. Nilikuwa nawamwagia pumba huku nasikia dirishani ukimfundisha binamu yangu Rehema kazi yangu. Rehema, ambaye hadi leo hajui kifundo kinaanzia wapi!

Nililia, lakini nilikuamini. Hilo ndilo linaloniunguza. Nilikuamini kwa sababu ya mguu wako mwenyewe. Nani hakuijua habari ya mguu wako? Kila mgonjwa aliyekuja na hofu, ulikuwa ukiugonga muundi wako kwa fimbo, juu ya gauni, ukimwambia, "Huu ulivunjika vipande viwili, nikaufunga mwenyewe kwa mikono yangu. Unaona chuma hapa?" Nasi tunajibu hatuoni. Tungeona nini, Shangazi, nawe hukuwahi kuufunua mguu huo mbele ya mtu? Hata kukukanda mafuta ulikuwa hutaki. Tulisema ni haya zako.

Kisha ukafa, na mimi nikaitwa kukuosha.

Tulikuwa wawili, mimi na shoga yako wa siku zote, Bi Siwatu. Yeye alishika upande wa kichwa akimimina maji, mimi nikapewa miguu. Nilikuwa nalia, naosha bila kutazama, kitambaa mkononi. Nilipofika kwenye muundi wa kushoto mkono wangu ukasimama wenyewe. Chini ya ngozi palikuwa na kitu kigumu, kimenyooka, na juu yake vinundu vimepangana. Nikarudi juu. Nikashuka tena. Wewe ulikuwa umekonda sana mwishoni, hapakuwa na nyama ya kuficha chochote. Nikainua shuka kidogo nikaona kovu refu, na alama za nyuzi ubavuni mwake.

Kovu kama langu. Vinundu kama vyangu.

Unakumbuka ulivyonifundisha? Ulinifumba macho kwa kanga, ukaniwekea mifupa ya kuku ndani ya mfuko, nitaje upi mzima na upi umevunjika. Nikipatia, unanipa paja. Nikikosea, unacheka mpaka unakohoa, halafu unanipa paja vilevile. Vidole vile ulivyovifunza wewe ndivyo vilivyokukamata. Mtu mwingine angeosha akapita.

Bi Siwatu aliniona nimeganda. Alikuwa anajua, nilimsoma usoni kwamba anajua miaka yote. Akaniambia kwa sauti ya chini, "La maiti ni la maiti, Zaituni. Mimina maji." Nikamimina. Nikakuosha mpaka mwisho, nikakupaka karafuu maiti, nikakuvisha sanda. Nadhani nilikuosha kwa hasira. Mungu anisamehe kama niliusugua ule mguu kupita kiasi.

Sasa nimeelewa kwa nini mwaka ule ulipovunjika mguu ulikwenda Dar ukakaa kwa ndugu muda wote ule, ukarudi unachechemea na hadithi mkononi. Ulikwenda kufungwa chuma. Si dhambi! Ungerudi ukasema, mbona tungekupokea kwa vigelegele? Lakini ulijua watu wanakuja kwa ajili ya jina lako, ukaona jina halitastahimili. Hapo naweza hata kukuelewa. Nisichoelewa ni ulichonitendea mimi. Ulinitazama nimesimama kwa magongo, na kitu kilekile ndani ya mguu wako, ukanihukumu. Usiku ulilalaje? Na mke wa Shomari, uliyemwambia asikubali kupasuliwa, leo anatembea mguu umepinda kama upinde, bado anakuombea dua kila Ijumaa. Nikimwona nabadilisha njia.

Ningeweza kuyamaliza yote kwa sentensi moja. Nikimwambia Baba Mdogo nilichokigusa, sharti linakufa palepale na mkoba unakuwa wangu. Na siwezi. Anayeosha maiti akitangaza aliyoyaona, huyo si mwoshaji tena, ni mwizi. Kwa hiyo ulinifunga mara mbili, ukiwa hai na ukiwa umelala kwenye kitanda cha kuoshea. Hata barua hii nikiimaliza inaingia jikoni, iwake na mkaa.

Nilikwenda kwa daktari nikiwa nimeshaamua kuvitoa. Ni binti mdogo, ana maneno ya taratibu. Alitazama picha ya eksirei akasema mfupa umeunga vizuri. Nikamwuliza kama chuma kitanila kikibaki. Akasema, "Hakikuli, mama. Wapo wanaoishi nacho maisha yao yote. Kikikusumbua sana nitakitoa, lakini matundu ya skrubu yatachukua muda kujaa, na ukijikwaa kabla hayajajaa mguu unaweza kuvunjika tena palepale. Maumivu yako ndiyo yaamue, si maneno ya watu." Sikuwa nimemwambia habari za watu. Labda wanaokuja kwake na maneno ya watu ni wengi.

Nikarudi nyumbani nikajiuliza kwa haki: lisingekuwepo sharti lako, ningepasuliwa tena kwa sababu ya kukuna nazi? Nisingepasuliwa. Ningetafuta kiti kirefu, basi.

Kwa hiyo havitoki. Kesho naenda Lugoba kumwambia Baba Mdogo mkoba ampe Rehema. Watasema nimeogopa kisu. Watasema Zaituni amedharau usia wa shangazi yake. Nitainama, nitanyamaza, na wewe huko uliko ujue nimenyamaza kwa ajili ya nani. Wakija wagonjwa kwangu Dunda kuniuliza, nitawaonyesha kovu langu na kuwaambia waende hospitali wakapigwe picha kwanza. Hilo sikuahidi kulificha, maana ni langu.

Nakupenda, Shangazi. Naandika hivyo huku meno nimeyauma. Kukusamehe bado, sitakudanganya, wewe na mimi tumeshadanganyana vya kutosha. Lakini kila baada ya sala nakuombea, na naliambia kaburi lako liwe jepesi kwako. Siri yako nitaingia nayo kwenye langu.

Mwosha huoshwa. Binti yangu Mwanaisha ndiye atakayeniosha nikitangulia, inshallah. Jana nilimkalisha karibu nami, nikaushika mkono wake, nikaupitisha mguuni mwangu, bamba lote, skrubu moja baada ya moja. Akaniuliza, "Mama, ya nini yote haya?" Nikamwambia, ili siku hiyo ukinigusa usishtuke.

Mwanao,
Zaituni