Uduvi Wako Hawakuvunjika, Mama

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotuachia nyumba na chupa zako za viumbe wa bahari. Tulikusudia kukuandikia kwa utulivu, lakini kwa habari tuliyo nayo, nani atatulia?

Wewe ndiye uliyetufundisha tusifungue chupa ya jamu kabla ya kusoma lebo. Huruma yako iliwafikia hata wadudu wa bahari. Uliwahamisha kwa brashi ya rangi huku ukiwabembeleza, "Pole mwanangu, geuka kidogo." Sisi uliotuzaa hatukuwahi kuamshwa hivyo asubuhi za shule.

Kwa miaka sita uliwaweka kando uduvi wale wadogo kama punje ya mchele, wanaoishi ndani ya matumbawe laini. Kila mmoja alikosa kidole kimoja cha gando la kushoto, nawe ukaandika kwenye lebo: "Amevunjika." Mpaka Jumamosi ile ulipopiga kelele kwenye hadubini, Baba akaangusha kikombe.

"Wote kumi na mmoja, gando lilelile? Hawajavunjika! Wameumbwa hivi! Hii ni jenasi mpya, jamani, kundi la viumbe ambalo halijaandikwa na mtu!"

Ulijicheka hadi machozi, kisha ukaanza kuandika makala ya jarida la sayansi.

Wahakiki wa jarida hawakushawishika. Walisema huenda kibano ndicho kilichowavunja, wakataka uduvi wasioguswa nacho tangu watoke baharini. Ugonjwa ukakuwahi. Siku za mwisho ulituuliza, "Au kweli nilihesabu vilema tu?" Swali hilo lilituuma sana.

Basi sikia! Mzamiaji wako, yule uliyemwita Mapezi, alizama tena, akalifunika tawi la tumbawe kwa mfuko humohumo majini ndipo akalikata. Dada yetu mkubwa, uliyemfundisha kuchora, akachungulia: uduvi ishirini na watatu, wazima, wengine wamebeba mayai. Hakuna hata mmoja mwenye kidole kile! Alituita kwa vifijo, tukarukaruka sebuleni, Baba naye na goti lake bovu. Tukapeleka michoro yake kwa jarida, na Jumanne hii limejibu. Jenasi yako imekubaliwa, Mama! Ulikuwa sahihi!

Unakumbukwa na mumeo, wanao watatu, mkweo, mjukuu uliyemwita Bosi, na Mapezi.

Tutakukumbuka siku zote. Wala si sisi peke yetu: kwa desturi ya kazi yenu, jina la jenasi hufuatwa na jina la aliyeieleza kwanza. Hata mtu tusiyemjua, miaka mia ijayo, akitaka kuandika habari za uduvi hao, itabidi akutaje.