Mashuka Meupe Kwenye Vichaka vya Kigombe

Jumamosi. Manyunyu tangu alfajiri, kisha jua kali. Nimerudi Tanga mjini miguu ikiuma, lakini moyo umetulia.

Shajara yangu, leo nilikuwa Kigombe na Mzee Hamadi, mteja wangu. Ni Mpemba, mfanyabiashara wa karafuu, na ana kiwanja cha pori kinachoshuka hadi ufukweni. Anataka kujenga nyumba za wageni. Mimi ndiye msanifu wake, na tumekuwa tukivutana tangu mchoro wa kwanza.

Yeye anataka vyumba na mgahawa vya zege juu ya mchanga, mgeni akifungua mlango, bahari hiyo. Mimi nimemchorea vibanda vya mbao juu ya nguzo, nyuma ya vichaka, na njia ya mbao ya kushukia pwani. Kasa hupanda kutaga kwenye mchanga ule. Kina mama wa kijijini hupita palepale wakienda kutafuta pweza. Zege likishamwagwa, nani atakuja kuling'oa?

Michoro haikumshawishi. Basi leo asubuhi mimi na fundi wangu tulisimika miti tukatundika mashuka meupe badala ya kuta: mengine anapopataka yeye, mengine ninapopataka mimi. Kimo kilekile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuwa dobi?"

Nilimpeleka kwanza nyuma ya vichaka, nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki mahali itakapokuwa baraza. Bahari ilionekana vizuri kupitia uwazi wa miti.

Tukashuka hadi maji yalipokupwa, tukageuka.

Mashuka ya mbele yalisimama kama ukuta. Nyuma yake huoni pori wala vilima. Yale ya nyuma ilibidi tuyatafute kwa macho.

"Sasa mgeni atajuaje kuwa nipo?" akauliza.

"Atakuja kwa ajili ya hili pori, mzee. Zege analo kwao."

Alicheka kidogo, akatembea peke yake mpaka mwisho wa kiwanja. Aliporudi alisema vyumba vihamie nyuma. Kabla sijashukuru akaongeza: mgahawa ubaki mbele, wa zege, watu wapate kula wakitazama maji.

Hapo niliogopa.

Sijawahi kupata kazi kubwa kama hii. Ningeweza kunyamaza nikachukua hiyo nusu ya ushindi.

"Mzee, huo mgahawa wa zege sitauchora."



Aliyageukia tena mashuka ya mbele. "Basi nichoree unaofunguliwa vipande vipande kama kitanda. Kasa wakija, tunaufungua, tunaweka ghalani. Ukishindwa, namtafuta mwingine."

Nikasema nitaweza, na sijui kama nitaweza. Upepo wa pale hauchezewi, na paa jepesi huruka. Lakini nguzo za mbao zikiungwa kwa boliti, na makuti yakisukwa vipande vya kubebwa na watu wawili, naona njia. Kesho baada ya ibada nitapita Pongwe, nilikozaliwa, kumwona seremala aliyenifundisha kuunga mbao kabla sijaenda chuo. Tutajaribu kiungo kimoja, tukivute mpaka kivunjike, kisha tuunde kingine.

Akimtafuta mwingine, amtafute akiwa ameshauona mchoro wangu.