Sikio Langu na Kikopo cha Filamu

Mjukuu wangu Naserian,

Huku Endulen sote wazima. Mvua imeanza, na yule ndama mweupe anamsumbua kila mtu. Natumaini huko shuleni Karatu unakula vizuri.

Umeniuliza seli zinajuaje wakati wa kugawanyika na wakati wa kuacha. Mwalimu wako anajua zaidi. Mimi nalijua sikio langu tu.

Miaka ya tisini, nikiwa kijana, tulitanua ndewe za masikio kwa kijiti, baadaye kijiti kinene zaidi, polepole. Ngozi ikivutwa kidogo, seli zinagawanyika na ngozi inaongezeka. Ikishatosha, zinatulia. Basi mtalii mmoja akanipa kikopo cha filamu ya kamera, na kesho yake kulikuwa na ngoma. Ningengojaje? Nikapaka mafuta ya kondoo, nikakisukuma mpaka kikaingia.

Katikati ya kuruka, sikio likachanika na kuvimba kama andazi. Kikopo kikagoma kutoka. Binti niliyekuwa nikiruka ili anione akanishika kichwa, mama yake akavuta.

"Tulia! Morani gani analia?" akasema binti.

Mimi hapa, nikalia.

Seli zangu zilifanya kazi mpaka kidonda kikafunga, kisha zikaacha, wala hazikuniongezea ngozi niliyoitamani. Binti yule ndiye bibi yako. Yeye alianza kucheka siku ile, na mpaka leo hajaacha.

Nakupenda,
Babu yako