Kiwanja cha Tatu

Amalemba, Kakamega
14 Juni 2024

Kwako kaka Phanuel,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba joto la Doha halijakumaliza. Mimi sijambo, ila kikohozi cha mvua hizi. Namba zako zote mbili hazipatikani tangu mwaka juzi, ndiyo maana nimempa Osiako barua hii, kwa kuwa anarudi huko Jumapili.

Bado niko katika ile kampuni ya kupanga miradi. Mwezi wa Machi bosi wangu, Bramwel, alinituma nyumbani kwetu Butali. Kikundi cha akina mama wakulima wa miwa kimepata mfadhili wa kuwajengea zahanati yenye chumba cha kujifungulia. Unamkumbuka Immaculate, jirani yetu? Alijifungulia juu ya trekta akikimbizwa hospitali ya Mukumu, na mtoto hakuishi. Hapo ndipo kikundi kilipoanzia. Kazi yangu ilikuwa kukagua viwanja vitatu walivyovitaja, kisha niwaeleze niliyoyaona ili wapitishe kimoja. Cha tatu kilikuwa boma letu.

Siku ya kikao ukumbi wa kanisa ulijaa. Nilitundika ramani, nikawaeleza kwamba kiwanja cha kwanza ndicho bora, na kwamba cha tatu kinatuamisha maji. Mama Milcah, mwenyekiti wao, akainua mkono, akasema polepole, "Naliaka, mimi nimelima hapo na mama yako miaka ishirini. Hayo maji yalikuwa yanasimama wapi?"

Niliziweka chini karatasi zangu. Immaculate alikuwa mstari wa mbele, ananitazama. Basi nikawaambia ukweli: boma letu ni kavu, liko kando ya barabara, linavishinda vile viwili, na mimi niliandika uongo. Bramwel, aliyekuwa ameketi kando yangu, aliinamisha kichwa. Nilidhani kazi imeniponyoka. Akina mama walinong'onezana kwa Kiluhya, kisha Mama Milcah akaniagiza nikairekebishe ripoti, nirudi baada ya wiki mbili. Nilirudi, wakapitisha cha tatu bila kupingana. Watatupa shamba jingine kule juu, mradi sisi wawili tukubali, maana hati ina majina yetu. Mimi nimeshatia sahihi.

Hawakuniuliza kwa nini nilidanganya. Wewe nitakuambia. Kila Jumamosi huwa naenda kule, nafungua madirisha, nafagia chumba chako. Niliona kwamba nyumba aliyotuachia mama ikibomolewa hutakuwa na pa kurudi, na hutarudi tena. Miaka saba, Phanuel. Nilikuwa radhi wanawake wazidi kuhangaika barabarani, mradi nyumba isiyo na mtu ibaki inakusubiri. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu, na linaniaibisha.

Fomu nimeifunga pamoja na barua hii. Njoo uitie sahihi hapa kwa mkono wako. Nina chumba kimoja tu, lakini tutabanana. Ukishindwa, mpe Osiako ailete Desemba. Ila usiniletee jina lako peke yake. Chini yake niandikie hata mstari mmoja, wa jambo lolote.

Mama Milcah anakusalimu, na Immaculate pia. Mungu akutunze huko uliko.

Ni mimi mdogo wako,
Naliaka