Namba ya Maryam

Jumatatu, 6 Mei
Mabuibui matatu. Nimeshona kwa mkono hadi vidole vimekufa ganzi, mota ya cherehani imeungua. Nilikopa kwenye simu ninunue nyingine; nimeilipia, bado haijaletwa. Siku ya kulipa imepita, wateja hawajanipa kitu.

Jumanne, 7 Mei
Watu wa mkopo wamewatumia ujumbe watu wangu. Wote waliomo kwenye simu. Picha yangu, na maneno: "Huyu ni tapeli, mwambieni alipe." Shemeji kapata. Imamu kapata. Hata muuza samaki. Nimefunga duka kabla ya adhuhuri. Aibu inanichoma mwili mzima.

Jumatano, 8 Mei
Nimekumbuka. Programu ile ya mkopo iliomba kuona namba zangu zote. Nikabonyeza "Ruhusu" bila kusoma. Wao madhalimu, sawa. Lakini namba za watu ni amana. Hazikuwa zangu kuzigawa.

Na ya Maryam imo. Shoga yangu alimkimbia mume aliyekuwa akimpiga, akahamia hapa Wawi, akabadili laini. Namba tulipewa watu watatu tu.

Nimempigia. Simu imezimwa.

Alhamisi, 9 Mei
Mlango wake una kufuli. Jirani kasema mwanamume asiyemjua alimpigia Maryam simu, akamtaja kwa jina, akafoka. Maryam akazima simu hapo hapo, akatoka na mfuko mmoja.



Ijumaa, 10 Mei
Shemeji kanilipia deni. Kasema naye walimpigia, wakamtaja kwa jina, wakafoka. Programu nimeifuta. Namba hazifutiki huko ziliko.

Jumamosi, 11 Mei
Nimepanda gari ya Kengeja, kwa shangazi yake Maryam; hana pengine pa kukimbilia. Nimemkuta mwenyewe anamenya muhogo. Sikukaa. Nikamwambia: si mumeo aliyekupata, ni watu wa deni langu, na namba niliwapa mimi.

Akamenya mpaka muhogo ukaisha. Kisha akalia.

"Alhamdulillahi. Miye nilijua ni yeye. Siku nne silali, Zuwena."

Nikamwomba radhi.

"Ntakusamehe. Lakini si leo."

Shangazi yake akanitilia chai. Tumekunywa, nikarudi.

Jumapili, 19 Mei
Mvua tangu alfajiri. Maryam karudi kwake. Kaja dukani na kitambaa cha kijani, nikampima mabega. Simu yake ikalia, akaipokea bila kushtuka. Laini mpya.

Namba hakunipa. Sikuomba.

Nikamwambia gauni litakuwa tayari Alhamisi. Kasema atakuja mwenyewe kulichukua.