Saa Elfu Moja kwa Mwaka

Hadley, Missouri
14 Agosti

Mdogo wangu Charlene,

Amani ya Bwana iwe nyumbani kwako, na goti lako liwe limeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Mume wangu Wendell anakohoa kidogo lakini bado anapanda kuezeka mapaa ya watu. Karakana yangu ya viti ina kazi mpaka Novemba. Juzi tumevisha upya mabenchi thelathini na mawili ya kanisa, na hakuna hata moja lililorudishwa.

Nimekuwa kimya tangu Pasaka na unajua kwa nini. Ulikuwa unakata nyama ya nguruwe mezani kwangu, ukaniuliza mbele ya wakwe zangu, "Enhe, dada, mwaka huu mtoto haendi shule kwa sababu gani?" Wakacheka wote, hata Wendell. Nikaendelea kugawa maharagwe, lakini miezi minne swali hilo limenikalia rohoni.

Basi nikuhesabie. Keziah alipotimiza miaka sita, sababu ilikuwa Mungu. Mchungaji alihubiri Jumapili tatu mfululizo juu ya vitabu vya shule, nami nikarudi na hofu, nikasema mwanangu hataambiwa ametokana na nyani. Akaja Silas, ambaye herufi zilimkimbia mpaka miaka kumi, na hapo nyani sikumtaja tena. Nilisema darasa la watoto ishirini na sita lingemsaga. Leo anasoma michoro ya umeme, kwa hiyo sababu hiyo usiiguse. Halafu ikawa karakana: nikienda kununua vitambaa tunakwenda wote, wanasoma garini. Ulipokuja ule ugonjwa uliofunga shule, majirani wote wakafundisha nyumbani, sikuulizwa na mtu. Kwa anayefundisha nyumbani, jimbo linataka saa elfu moja za masomo kwa mwaka. Miaka kumi na tisa sijaandika pungufu ya elfu moja na arobaini.

Sasa amebaki Tirzah. Mwezi wa Juni aliniwekea fomu mezani: anataka kuja shuleni unakofundisha, darasa la kumi. Anataka maabara ya kweli, si siki na magadi kwenye sinki la jikoni. Nilimwambia nitaliombea. Niliomba kweli, lakini kwanza nilificha fomu kwenye droo ya nyuzi. Wendell akasema aende tu, Mungu hashindwi kupanda basi la shule. Nikamtolea sababu zangu moja moja, naye akaziangusha zote kwa upole wake ule unaoudhi. Tangu siku hiyo nimehamisha mashine za karakana mara tatu, na wafanyakazi wameanza kunikwepa.

Jumanne Tirzah alikwenda kuitafuta fomu yake, akakuta na madaftari yangu. Yapo kumi na moja. Kila zoezi nililowapa watoto nililifanya mimi kwanza, alfajiri, hata yale tuliyoyaruka, nikajisahihisha kwa kalamu nyekundu. Nilimkuta amekaa sakafuni anafungua kurasa. Hakukasirika. Aliniangalia, akasema, "Mama, kumbe shule hii ina wanafunzi wawili. Na mmoja hataki kumaliza."

Charlene, ni wewe peke yako unayejua kwamba niliacha darasa la kumi mwezi wa pili, baba alipovunjika mgongo, nikaenda kukata kuku kiwandani ili wewe usitolewe shule. Wendell huwaambia watu nilihitimu, nami sijawahi kumsahihisha. Kitabu cha kwanza cha Keziah nilikifungua kwa hofu ya Mungu, sikatai. Lakini tulipofika kwenye sehemu na desimali, nikaona naelewa, nikapata furaha niliyoionea aibu. Kwa kila mtoto nikaanza upya, lakini wale wakubwa wawili darasa la kumi walijisomea wenyewe. Huyu wa mwisho ndiye angenivusha darasa la kumi. Akiondoka, naishia palepale nilipoishia. Hiyo ndiyo sababu, na si ya mwaka huu tu. Nimekuonea wivu miaka thelathini, nikauita msimamo wa imani.

Fomu nimeisaini. Jumatatu saa moja na nusu asubuhi basi litampitia. Wendell nimemwambia jana akinywa kahawa kwamba sikuhitimu. Aliuliza kama darasa la kumi wanafundisha pembe za mapaa. Nikamwambia ndiyo, na mimi niliondoka wiki moja kabla hawajazifikia.

Novemba kuna mtihani wa watu wazima wa cheti cha sekondari hapa kauntini. Zimebaki mada saba nisizozijua. Tirzah usimpendelee, mkalishe popote. Mimi Alhamisi ijayo nitakuwa kwenye maegesho ya shule yako saa tisa na nusu, na daftari mkononi. Nisahihishie wewe. Ukikuta kosa, weka alama ya kosa.

Msalimie shemeji Dwight. Keziah na Silas wanakukumbuka, na Wendell anasema utuletee chupa ya zile pichi zako za kusindika.

Ni mimi dada yako, niliyekununia mpaka juzi,
Rhonda